Mwombee, na barazani umpeleke

Mhariri, Tumsifu Yesu Kristo.

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: "Je, Mkristo anaruhusiwa kuomba adui zake wapigwe?" Nawajibu kutoka Old Moshi, mahali ambapo adui hatafutwi mbali. Mara nyingi ni mtu wa ukoo wako, mnayegawana naye mfereji wa maji na mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, na Jumapili mnakaa benchi moja kanisani. Yesu alishalisema: adui za mtu ni wale wa nyumbani mwake.

Jibu langu ni kwamba ukiwa chumbani na Mungu wako, sema yote, hata hayo ya kupigwa. Ukipewa kipaza sauti, nyamaza.

Mwaka jana nilialikwa kwenye mkesha mmoja mjini Moshi. Mhubiri alituambia tuandike majina ya adui zetu kwenye karatasi, kisha tukazitupe kwenye karai la mkaa lililowekwa mbele ya madhabahu. Dada aliyekaa kando yangu aliandika huku kaziba kwa kiganja kama mtoto wa darasa la saba kwenye mtihani. Nilichoambulia kuona ni "Wifi" na herufi mbili tatu za jina. Kisha ukumbi mzima ukapaza sauti: afe! afe! Ukiwauliza, watakwambia walikuwa wanapiga mapepo, maana Waefeso 6 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Sawa. Lakini tangu lini pepo akawa wifi ya mtu?

Wapo pia wa upande wa pili, wanaotaka Mkristo asikasirike hata mbele za Mungu. Hao sijui Zaburi ya 109 wanaisomaje: "Wanawe na wawe yatima, na mkewe na awe mjane." Imo kwenye Biblia ile ile tunayokwenda nayo kanisani, na wachungaji wengi huiruka kimyakimya. Mimi siiruki. Aliyedhulumiwa ana haki ya kumwambia Mungu uchungu wake bila kuupamba. Ila mwenye zaburi, akishasema hayo, hachukui panga. Anamwachia Mungu, na ndicho Warumi 12 inachotuagiza: "Kisasi ni juu yangu mimi; mimi nitalipa, anena Bwana."

Kuna sehemu ngumu zaidi. Yakobo na Yohana walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria kilichowakataa, Yesu aliwakemea wao, si Wasamaria. Amri yake ni "wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi", na kupenda huko Biblia inakujua kwa matendo kabla ya hisia. Kutoka 23 haikuulizi moyo wako ukoje; inasema ukimwona ng'ombe wa adui yako amepotea, mrudishie.

Sisi wa kaskazini tuna historia yetu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, siku chache tu baada ya kufika. Wajerumani, waliokuwa watawala wetu wakati ule, walijibu kwa bunduki: Kapteni Johannes na askari wake, pamoja na wapiganaji wa Kichaga, yaani mababu zetu sisi, waliua watu, wakachoma nyumba, wakateka ng'ombe. Misheni yenyewe ilirudi Meru mwaka 1902 ikaanza kazi Nkoaranga. Sisemi wamisionari walikuwa malaika. Walirudi chini ya ulinzi wa serikali iliyofanya mauaji hayo. Lakini nikiulizwa ni jibu lipi kati ya yale mawili lililowafaa Wameru, Nkoaranga kuna kanisa na hospitali hadi leo.

Kwangu mimi adui ni jirani aliyeng'oa masale, mimea ya mpakani, akayapanda hatua kadhaa ndani ya kihamba changu. Mchaga anaujua uzito wa jambo hilo. Isale ndilo linaloonyesha mpaka, na isale hilo hilo ndilo linalobebwa kwenda kuomba msamaha; ukiletewa, ni vigumu kukataa. Kumbukumbu la Torati 27 inamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake, na watu wote waseme, Amina. Niliisema Amina hiyo, kwa sauti, nikiwa jikoni peke yangu.

Kisha nikaanza kumwombea, na si kwa "Mungu mbariki" ya haraka ambayo haikugharimu kitu. Naombea goti lake linalomsumbua, mwanawe anayetafuta kazi Dar, kahawa yake isipigwe na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni. Zamu yake ya maji ikifika, nafungulia mfereji kabla hajaja kudai. Na mashtaka nimefungua. Nilianzia serikali ya kijiji, nikaenda baraza la kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwinjilisti wetu akaniuliza, "Mama, unamwombeaje mtu huku unamshtaki?" Nikamjibu kwamba Paulo alikata rufani kwa Kaisari, na bado aliwaombea Wayahudi wenzake waokolewe.

Nimeyataja mashtaka makusudi, kwa sababu habari hii ya kuwaombea adui hutumiwa vibaya, hasa kwa wanawake. Dada anayepigwa na mumewe huitwa na wazee, anaambiwa avumilie na kumwombea mwenzake, halafu anarudishwa nyumba ile ile. Paulo alimwachia Bwana amlipe Iskanda mfua shaba, na mstari unaofuata akamwambia Timotheo ajihadhari naye. Dada huyo aende polisi dawati la jinsia, ahamie kwa kaka yake, na akiwa huko amwombee mumewe.