Kichwa Kinauma Kila Siku, na Dawa Haimalizi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 34. Kichwa kinanisumbua tangu usichana, ila zamani kilikuja karibu na hedhi tu: upande mmoja unapwita, natapika, sitaki mwanga wala kelele za watoto, kesho yake nimepona. Mwaka huu kinauma karibu kila siku. Nikiamka tu kipo. Nanunua vidonge duka la dawa, nikimeza kinatulia hadi mchana, kisha kinarudi. Presha nimepima ni 120 kwa 78, malaria hakuna, macho wamesema mazima. Shangazi anasema ni majini. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi ninaoonana nao ana kwa ana. Ninavyoisoma, una maumivu ya aina mbili, na ya pili yamezaliwa na dawa ulizokuwa ukitulizia ya kwanza.

Hayo ya usichana ni kipandauso. Huweza kudumu saa 4 hadi 72, na wanawake hukipata karibu mara tatu ya wanaume, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya homoni zinazoshuka hedhi inapokaribia. Hutembea katika ukoo. Muulize mama yako, au shangazi huyohuyo, kama naye hakuwahi kujifungia gizani na ndoo pembeni ya kitanda.

Haya ya kila asubuhi ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi. Mtu mwenye kipandauso akimeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa yenyewe. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye kafeini au kodeini ndani, siku 10 tu zinatosha. Tazama nyuma ya pakiti uone kuna dawa ngapi. Muuzaji hakwambii hili, na wewe hukuwa na namna ya kulijua. Kidonge kinatuliza, kwa nini ukishuku?

Kwa hiyo hesabu. Ukurasa wa mwisho wa daftari unaloandikia vipimo vya wateja, andika kila siku: kichwa kimeuma au la, umemeza nini, hedhi, umelala saa ngapi, umekula saa ngapi. Nenda na daftari hilo hospitali ya wilaya. Daktari atakusaidia kuviacha vidonge hivyo. Vya parasetamoli huachwa mara moja; ukikuta ni kodeini au tramadoli, usiache peke yako. Siku za mwanzo kichwa kitauma zaidi ya sasa, pengine wiki nzima, na hapo ndipo wengi hurudi dukani. Waambie nyumbani mapema wakupunguzie kazi siku hizo.

Uliza pia kuhusu dawa ya kuzuia, inayomezwa kila siku hata kichwa kisipouma. Propranolo na amitriptilini si dawa ghali, lakini zipe miezi miwili au mitatu kabla ya kusema hazifai. Kama una pumu, sema, maana propranolo haikufai. Na kama kabla ya maumivu huwa unaona vimulimuli au mistari inayometa, na unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mweleze muuguzi. Vile vyenye estrojeni huongeza hatari ya kiharusi kwa watu kama wewe, na njia nyingine zipo.

Kipandauso kikija baadaye, meza mapema, kikiwa ndiyo kinaanza: parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500, ulale gizani. Zisizidi siku mbili kwa wiki.

Sasa kazi yako. Kuinamia cherehani kutwa nzima huleta maumivu mengine kabisa, yanayobana kichwa pande zote kama kilemba kilichokazwa, bila kutapika. Inua kiti, simama kila saa, nyosha shingo. Na je, unatumia pasi ya mkaa chumba kikiwa kimefungwa? Kama wasaidizi wako nao wanaumwa kichwa, na mkitoka nje mnapata nafuu, huo ni moshi usioonekana na unaua. Fungua dirisha leo.

Shangazi mheshimu, ila usikae unangoja kombe la kutoa majini. Wala usikitumie kichwa kupimia presha siku zijazo. Wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote.

Kuna vichwa visivyosubiri daftari: kinacholipuka ghafla kwa ukali usiowahi kuujua, kinachokuja na homa na shingo ngumu, kinachokuja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi mzito, au kinachoanza baada ya kugongwa. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na kichwa kinamuuma siku baada ya siku, apimwe homa ya uti wa mgongo.

SWALI: Daktari, mke wangu ana mimba ya miezi minane. Siku ya pili sasa kichwa kinamuuma, anaona ukungu, uso umevimba. Wazee wanasema ni uchovu.

JIBU: Ndugu yangu, nimemwomba mhariri akupigie simu barua ilipofika, usingoje gazeti. Naichapa kwa ajili ya waume wengine. Baada ya wiki 20 za mimba, kichwa cha namna hii ni dalili ya kifafa cha mimba mpaka vipimo viseme vinginevyo. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, apimwe presha na protini kwenye mkojo. Presha ikifika 140 kwa 90 haachwi arudi nyumbani hivihivi. Ipo sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege. Na hata akishajifungua, endelea kumwangalia wiki sita. Kichwa kikirudi na macho yakififia, mrudishe.