Jibu: Je, vitabu vya Michael Abrash bado vina faida kwa mwandishi wa programu wa leo?

Ndugu uliyeuliza kama kuna faida ya kusoma vitabu vya Michael Abrash, mwandishi wa programu aliyejulikana kwa mbinu za kuziongezea kasi, ilhali kichakataji cha 8088 cha kompyuta za PC za mwanzo alichokiandikia kimebaki kwa wakusanyaji wa mashine kuukuu, jibu langu ni ndiyo, ila usivisome kwa kutafuta msimbo wa kunakili. Mimi huandika programu za hesabu za ofisini, kazi isiyohusiana kabisa na michoro, na kilichonifaa kwake ni ukaidi wake wa kutoamini kasi ya kitu chochote kabla hajakipima.

Kitabu chake Zen of Assembly Language, kuhusu asembli (lugha iliyo karibu kabisa na amri za kichakataji chenyewe), kilitoka mwaka 1990, wakati kichakataji kipya zaidi cha 486 kimeshatangazwa, kwa hiyo hesabu zake nyingi zilianza kuchakaa mapema. Hoja yake, kwamba kasi lazima ipimwe, haikuchakaa. Miongozo rasmi ilisema kwamba amri ya kusogeza biti za rejista (nafasi ndogo ya kuhifadhi namba ndani ya kichakataji) kwa nafasi moja huchukua mizunguko 2 ya saa, yaani mapigo 2 ya kichakataji; lakini amri hiyo ina baiti 2, na 8088 ilihitaji mizunguko 4 kuleta kila baiti kutoka kwenye kumbukumbu, hivyo amri kama hizo zikifuatana, kila moja hugharimu mizunguko 8, kwa sababu kichakataji kinakaa kikisubiri amri zifike. Kwa sababu hiyo aliwapa wasomaji programu ya kupimia muda iliyotumia chipu ya saa ya PC yenyewe.

Sura ninayoirudia zaidi imo katika Graphics Programming Black Book cha mwaka 1997. Anachukua programu ndogo inayojumlisha baiti za faili, ambayo huuomba mfumo wa uendeshaji baiti moja moja, kisha anaiandika upya kwa asembli, na kasi inaongezeka kidogo mno. Anaporudi kwenye lugha ya C na kusoma faili kwa mafungu, programu inaruka mbele kwa mbali. Nilikutana na jambo hilohilo kazini: ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa nzito, mwenzangu akapendekeza tubadilishe lugha nzima, lakini tulipopima tukaona kwamba karibu muda wote ulikuwa ukiishia kwenye hifadhidata iliyoulizwa rekodi moja baada ya nyingine. Tulibadilisha ulizo moja tu, na lugha ikabaki ileile.

Kwa upande wa michoro, sifa yake ilienea mwaka 1991 alipoeleza katika jarida la Dr. Dobb's Journal hali ya kadi ya VGA (kadi ya kuonyesha picha kwenye skrini ya PC) aliyoiita Mode X. Hali ya kawaida ya rangi 256 ilikuwa na pikseli 320 kwa 200 na ilitumia kilobaiti 64 tu kati ya 256 za kadi. Kwa kuzipanga upya rejista za kadi hiyo, alipata pikseli 320 kwa 240 zenye umbo la mraba, nafasi ya kuchora ukurasa mmoja huku mwingine ukionyeshwa, na uwezo wa kujaza pikseli nne za rangi moja kwa kuandika mara moja. Maelezo ya rejista hizo waweza kuyaruka bila hasara.

Usiruke sura za Quake, mchezo wa mwaka 1996 alioufanyia kazi pamoja na mwandishi wa programu John Carmack katika kampuni ya michezo ya id Software baada ya kushughulikia michoro ya Windows NT huko Microsoft. Kuweka picha juu ya ukuta kwa mtazamo sahihi kulidai kugawanya namba kwa kila pikseli, jambo ambalo Pentium, kichakataji cha wakati huo, isingelimudu kwa kasi iliyotakiwa. Wao waligawanya mara moja kwa kila pikseli 16, wakakadiria zilizo katikati kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa kitengo cha namba za desimali kiliweza kuendelea kugawanya huku amri za namba kamili zikichora, gharama ya kugawanya ikafichika karibu yote.

Baadaye Abrash alipitia kampuni ya michezo ya Valve na, mwaka 2014, akawa mwanasayansi mkuu wa Oculus, kampuni ya vifaa vya uhalisia pepe. Kwa maoni yangu, makala zake zilimjengea jina kuliko cheo chochote, maana alichapisha mbinu ambazo wengine wangezificha.

Black Book kinapatikana bure kwenye intaneti kwa idhini yake. Anza na sura za mwanzo kuhusu upimaji, kisha nenda moja kwa moja kwenye Quake, huku ukipima programu yako mwenyewe kwa zana za kichakataji ulicho nacho.