Diwani Anaulizwa Lami Tu, Tumuulize na Kivuko

Hapa Dar es Salaam barabara ya mtaa ikipata lami tunapiga vigelegele, na tuna haki, maana vumbi na matope vimetutesa. Kinachofuata nacho tunakijua: mwendo unapanda. Madereva wanaokimbia foleni ya barabara kuu wanaugeuza mtaa kuwa njia ya mkato, na watoto wa darasa la kwanza wanavuka kwa kukimbia. Mimi ni mzazi kwenye kamati ya shule ya msingi mtaani kwetu, na haya ninayoyaandika nimeyaona tukidai zebra na matuta.

Watu husema hakuna utashi wa kisiasa. Ninavyoona, kiongozi hutenda kwa lile analoulizwa. Diwani akiomba kura anataja kilomita za lami kwa sababu ndizo tunazomuuliza. Sisi tulikubaliana wazazi kadhaa kwamba kila mkutano wa mtaa mmoja wetu atasimama na swali lilelile: kivuko cha shule lini? Na kila mara tulihakikisha limeandikwa kwenye muhtasari. Lisiloandikwa halifiki Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kamati hiyo mwenyekiti wake ni diwani huyohuyo.

Kabla ya hapo jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania; za wilaya na mitaa ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza 2017. Barua ikienda kusikohusika itazungushwa mpaka mchoke. Angalieni na kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila mipango hukusanywa miezi mingi kabla. Bunge likishakaa kwa bajeti mwezi Aprili, mmechelewa.

Kilichotusaidia kuliko barua zote ni kumwomba diwani atembee nasi saa moja kasorobo asubuhi, kutoka ofisi ya kata hadi geti la shule. Upande mmoja mtaro wazi, upande mwingine magari yameegeshwa, watoto katikati ya lami na mabegi mgongoni. Mara mbili yeye mwenyewe aliruka mtaro kuipisha bajaji. Alipofika getini aliuliza nani wa kumpigia TARURA.

Mtaambiwa matuta yanaharibu magari. Jibuni kwa upole lakini msirudi nyuma. Wengi wetu tunatembea, na hata anayepanda daladala anaanza kwa miguu. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, ilhali Azimio la Stockholm la 2020, la kimataifa la usalama barabarani, linataka 30 pale magari yanapochanganyika na watu wa miguu, kwa kuwa kwenye mwendo huo anayegongwa ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Na si jambo la Ulaya tu. Amend, shirika la usalama barabarani, limeweka njia za miguu, vivuko na matuta kwenye shule za jiji hilihili, na kazi hiyo ilipata tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya kimataifa ya World Resources Institute, mwaka 2019. Mwambieni diwani akaone.

Jambo moja linaniuma. Njia ya miguu ikizibwa, wa kwanza kufukuzwa ni mama wa vitumbua, na gari lililopanda juu ya njia hiyohiyo linaachwa. Msikubali usalama wa watoto utumike hivyo.

Msijenge matuta yenu ya udongo au zege usiku. Nawaelewa wanaofanya hivyo baada ya mtoto kugongwa, lakini tuta lisilo na rangi wala alama linamwangusha bodaboda gizani, na abiria wake huenda ni mjamzito anayekimbizwa zahanati.

Mkishapata zebra, ombi linalofuata liwe la rangi. Inafutika upesi kwa vumbi na matairi, na dereva asiyeiona hasimami. Sisi tumeliingiza kwenye muhtasari: kupakwa upya kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa Januari.