Umeuliza: mbona picha zangu za ndoto zinatoka ukungu mtupu?

SWALI: Mambo mhariri, mi napenda sana zile picha zinazofanana na ndoto, mtu kaota majani kichwani, samaki anaelea juu ya paa, mwezi una macho. Nimejaribu kuchora za kwangu kama miezi sita hivi ila zinatoka ukungu mtupu, zambarau huku nyota kule, rafiki yangu akanambia inafanana na kalenda. Nakosea wapi? Na je nikitumia alama za imani au mila zisizo zangu kuna ubaya?

JIBU: Pole kwa hiyo ya kalenda, ila rafiki yako kakusaidia. Kosa lako nahisi ni la wengi, tunadhani ndoto ina ukungu, kumbe ukiwa ndani yake kila kitu unakiona waziwazi, mlango ni mlango na kitasa chake, sema tu ukiufungua unakutana na bahari. Ukungu unakuja ukishaamka, pale unapohangaika kukumbuka.

Mcheki Henri Rousseau, Mfaransa aliyekuwa karani wa ushuru. Picha yake ya 1910, Ndoto, ina mwanamke kajilaza uchi kwenye kochi katikati ya msitu, simba wanachungulia, mtu anapiga zumari gizani. Na huyo mzee hakuwahi kutoka Ufaransa! Misitu yake aliipata kwenye bustani ya mimea pale Paris na kwenye vitabu. Sasa tazama jani moja moja, lina ukingo wake kabisa, hakuna lililopotelea kwenye moshi, alichovuruga ni vipimo tu, maua yameumuka kushinda kichwa cha mtu, na lile kochi halina habari kwamba lipo porini. Mchoraji Marc Chagall naye anarusha watu angani ila nyumba za Vitebsk, mji wa kwao, kule chini zimebaki na uzio wao, na usipouona uzio huwezi kujua kwamba hao watu wanapaa.

Kwa hiyo weka zambarau pembeni kwanza. Chukua kitu kimoja unachokijua, mzizi, ndege, mikono ya bibi, kichore kwa kukitazama mpaka mkono ukizoee, halafu vunja sheria moja tu: ukubwa, au mahali, au uzito, au mwanga unatokea wapi. Moja! Ukivunja zote kwa mpigo hakuna kinachoshangaza tena. Mi binafsi nikiona picha ya hivi naangalia kivuli kwanza, samaki aliye juu ya paa akiwa na kivuli kwenye paa naamini yupo, asipokuwa nacho naona kabandikwa.

Hilo la alama ni zito kidogo. Mchoraji Wifredo Lam wa Kuba alilelewa karibu na mama yake wa ubatizo, ambaye alikuwa mganga wa Santería, dini ya Kuba yenye asili ya Afrika, kwa hiyo zile nyuso za barakoa kwenye picha yake ya 1943, Msitu, hakuziokota kama mapambo, na hata huo "msitu" ukiangalia vizuri ni miwa, shamba ambalo watumwa walifia. Upande mwingine kuna wazee wa Papunya, makazi ya wenyeji wa asili wa Australia, walioanza kupaka hadithi zao za asili kwenye mbao mwaka 1971, baadhi ya picha za mwanzo zikaonyesha mambo ya siri ya jando na ibada, jamii jirani zikalalamika, basi wachoraji wakaanza kuyaficha, nukta zikajaa juu yake. Yani hata mwenye mila yake anapimiwa cha kuonyesha, sembuse mgeni. Ukipenda alama ya watu waulize wanaitumia wapi na nani haruhusiwi kuiona, wakikukatalia kubali tu, kachore mzizi wako.

SWALI: Lazima niote kwanza ndo nichore?

JIBU: Hapana. Mchoraji Salvador Dalí wa Uhispania kwenye kitabu chake cha 1948 alieleza ujanja wake, unakaa kwenye kiti umeshika ufunguo mzito, chini umepindua sahani, ukipitiwa tu na usingizi ufunguo unadondoka, kelele inakuamsha na ulichokuwa unakiona bado kibichi. Nilijaribu kwa kijiko, nikaamka baada ya saa mbili kijiko bado mkononi.