Chora mto kabla ya falme

Ramani yangu ya kwanza ya mchezo wa vita, ule unaochezwa mezani kwa majeshi ya visanamu, niliichora kwenye karatasi ya manila, nikaanzia pwani. Wiki tatu zilikwisha kwa kuchora rasi na visiwa, kisha nikaipa majina miji 31, kila ufalme na bendera yake. Tulipopanga vikosi mezani kwa pambano la pili, mwenzangu akauliza: hapa tunagombania nini? Sikuwa na jibu. Miji ile niliiweka popote palipobaki nafasi ya kuandika jina, na jeshi lolote lingeweza kuizunguka likaendelea na safari yake bila hasara.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, mliokwisha kupaka rangi visanamu vyenu na sasa mnataka kuvipa nchi ya kupigania. Ramani ya riwaya inaweza kuwa pambo tu na msomaji asilalamike. Ya mchezo wa vita ina kazi: iyafikishe majeshi mawili mahali pamoja, na kila upande uone kwamba haukuwa na njia nyingine. Meza iliyozoeleka ya Warhammer, mchezo maarufu wa aina hii, ni futi 6 kwa 4. Bara zima linatakiwa liminyike mpaka liingie hapo.

Warhammer ndiyo shule niliyosomea, na sioni haya kuwaelekeza huko. Mchezo huo ulitoka Uingereza mwaka 1983, na ulimwengu wake wa kale umechorwa kwa kufuata umbo la dunia yetu: nchi iitwayo Dola imekaa ilipo Ujerumani, Bretonnia ilipo Ufaransa, Kislev upande wa kaskazini-mashariki. Wengi huishia hapo, kwenye ufanano. Ninyi fuateni Reik, mto mkuu wa Dola. Altdorf, mji mkuu wake, umejengwa pale mto Talabec unapoingia Reik. Reik unapoingia baharini upo mji wa Marienburg, na mwaka 2429 wa kalenda ya Dola mji huo unajitenga na Dola. Sasa mfikirie mfanyabiashara wa bara mwenye shehena ya nafaka: maji yanampeleka kwenye bandari ambayo si ya mfalme wake tena, na ushuru analipa kwa wengine. Vita hapo haihitaji pepo wala unabii. Mto umekwisha kuianzisha.

Milima hufanya kazi hiyohiyo. Katika ulimwengu huohuo, Black Fire ni njia nyembamba ya mlimani, na ndiko Sigmar, mwanzilishi wa Dola, na Vibeti, watu wafupi wa milimani, walikowakabili Maorki, viumbe wa kijani wapenda vita. Mahali pale pangekuwa tambarare, kundi kubwa lingewazunguka wachache likawamaliza. Kati ya Bretonnia na Dola kuna njia nyingine ya mlimani, Axe Bite, na ngome ya Helmgart imekaa kuilinda. Ukiiona ngome kwenye ramani nzuri, tazama inafunga njia gani. Ukikosa njia, mchoraji alitaka pambo.

Kwa hiyo mimi siku hizi naanza na maji. Mito hutoka juu na kuungana kadiri inavyoteremka. Kutawanyika huja mwishoni, kwenye delta, kama Rufiji inavyofanya. Wanaoanza hupenda kuchora ziwa lenye mito minne inayotoka pande zote. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, hutoa mto mmoja, pale Jinja. Baada ya maji, upepo: amua mvua inatoka wapi, kisha upande wa mlima unaoelekea huko uote migomba, na wa nyuma yake ukauke. Kilimanjaro ni hivyo, kijani upande wa Moshi na vumbi upande wa Amboseli. Hapo utajua nani ana chakula na nani atavuka mlima kukitafuta. Kisha vivuko, kisha miji. Majina mwisho kabisa, ingawa najua vidole vinawawasha kuyaandika.

Kipimo msikipuuze. Askari wa miguu mwenye mzigo nampa kilomita 20 kwa siku, na kila kisanduku cha ramani nakifanya mwendo wa siku moja. Niliongeza kanuni moja tu ya chakula: jeshi linabeba cha siku kumi, isipokuwa linalofuata mto, maana mashua inabeba kingi na haili majani kama ng'ombe wa mkokoteni. Kampeni yetu, yaani mfululizo wa mapambano kwenye ramani moja, ilibadilika siku hiyohiyo. Kijiji chenye kinu cha kusaga, ambacho nilikichora bila kukifikiria, kilipiganiwa mara nne.

Mwaka 2015 Warhammer iliuzika ulimwengu ule na kuleta milki nane pana mno, zinazounganishwa na malango ya uchawi. Zilikusudiwa kumpa kila mchezaji nafasi ya kuweka nchi yake popote, nami naipenda nia hiyo. Lakini umbali ukikosa maana, kuzingirwa, njaa na kuchelewa kwa msaada navyo hukosa maana. Kinachoziokoa ni malango yenyewe, kwa kuwa lango ni njia nyembamba ya mlimani kwa jina jingine: anayelishika ndiye anayeamua nani apite. Ulimwengu wa kale ulirudishwa Januari 2024 kwa mchezo wake wenyewe. Sishangai, watu walikuwa wameukumbuka mto wao.

Kuna jambo jingine linalonigusa. Kusini mwa ramani ile ya kale kuna bara lenye umbo la Afrika, Southlands, na kinachosikika zaidi kuhusu huko ni misitu mikubwa na miji ya mahekalu ya watu-mijusi. Bandari za mawe, majahazi yanayosubiri kaskazi igeuke kuwa kusi, miji inayoshindana kwa dhahabu ya bara: hayo mchoraji hakuyaweka, nasi tunayajua bila kusoma. Pepo za msimu ni zawadi kwa mchezo wa vita. Meli ikichelewa, imekwama ugenini kwa miezi, ndani ya bandari ya adui ikibidi. Chukueni hilo mlifanyie kazi, msiogope kwamba halifanani na mlichozoea kuona kwenye maduka ya michezo.

Na msijaze karatasi. Kampeni yetu ikiwa katikati alikuja rafiki na jeshi la wafu alilolipaka rangi kwa mwaka mzima, na hapakuwa na pa kumweka. Kila pembe ilikuwa na mwenyewe. Alicheza mapambano mawili kama mgeni, akaacha kuja. Sasa theluthi moja ya karatasi naiacha nyeupe, na jina la kwanza katika sehemu hiyo huandikwa na mchezaji mgeni, kwa penseli.