Jibu: Chuma kinachofanana na kombora pwani ya Mtoni

Ndugu yangu, umeuliza mfanye nini na kile chuma kirefu chenye ncha, kilichojaa kutu na chaza, ambacho watoto walikiona maji yalipokupwa karibu na Mtoni, na umesema jirani anataka kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nakuomba sana umzuie leo hii. Mji wetu wa Zanzibar ulipigwa mizinga na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza bandarini kwa mizinga ya milimita 105. Kwa hiyo si ajabu kombora ambalo halikulipuka likawa bado limelala mchangani. Kutu haiondoi hatari, kwa kuwa baruti ya ndani huweza kubaki na nguvu zake ilhali fyuzi, yaani kiwashio cha kombora, imeshadhoofika, na kukikwangua chaza ili kusoma maandishi kunaweza kutosha kukilipua.

Msikiguse, wala msiwashe moto karibu yake. Rudini kwa njia ileile mliyoingilia, fungeni kitambaa chekundu mahali pa mbali panapoonekana, kisha mkiwa huko mbali mpigieni sheha wenu na polisi kwa namba 112, ili waitwe wataalamu wa jeshi. Maji yakijaa kabla hawajafika, msikisogeze. Shikeni alama ya minazi miwili inayolingana nacho, kama wavuvi wanavyoshika alama za miamba yao, muwaoneshe.