Nilipie kozi ya kujifunza kusema hapana?

SWALI: Mimi ni mhandisi, mwanamke pekee katika timu ya watu saba. Mihtasari ya vikao naandika mimi, wafanyakazi wapya naelekeza mimi, hafla za kuagana napanga mimi, kisha kazi yangu yenyewe naifanya usiku. Wiki hufika saa 58. Tathmini imesema mchango wangu wa kiufundi ni mdogo. Bosi ananishauri nilipie kozi ya kujiamini na kusema hapana. Itanisaidia?

JIBU: Hizo pesa ziache mfukoni. Swali hili nalipokea mara kwa mara, na karibu kila mara nyuma yake yupo mkufunzi aliyemwaminisha dada wa watu kwamba kasoro ni yeye.

Mwaka 2017 Linda Babcock na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio yao: kundi la watu wasiojuana, mmoja ajitolee kubeba mzigo ambao kila mtu angependa mwenzake aubebe. Katika makundi mchanganyiko wanawake walijitolea kwa karibu asilimia 50 zaidi ya wanaume. Wanaume walipowekwa peke yao, tofauti ikayeyuka. Walijitolea vizuri tu! Kumbe wakiwaona wanawake, husubiri. Na anayepewa kazi ya kuomba, awe wa kike au wa kiume, huwaendea wanawake kwanza. Sasa kozi ya kujiamini itatibu nini hapo? Ukikataa, utaitwa mkaidi, na karatasi itasukumwa kwa binti mwingine atakayeajiriwa.

Kwa wiki nne andika kila kazi ya pembeni: nani kaomba, imekula saa ngapi. Mpelekee bosi hesabu hiyo bila malalamiko, uombe zamu ya majina saba, na lile swali la "nani atajitolea?" life kabisa vikaoni.

Saa 58 nazo zinanitisha kuliko tathmini yako. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walionyesha mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Halafu anatokea mtu anauza vidonge vya kuongeza nguvu, mwingine anahubiri kuamka saa kumi alfajiri, kana kwamba siku ikianza mapema saa zinapungua. Wote hao, kabla hujawalipa, waulize: kesho nikikataa, muhtasari ataandika nani? Akianza kukusimulia habari za kujiamini, chukua mkoba wako uondoke.